Mliniambia USB ni ya watoto, nikanunua FireWire: yaliyonikuta mbele ya kwaya

Wakuu, habari za mchana.

Laki mbili na elfu thelathini. Nimehesabu mara mbili, haijapungua. Yote yametokea chumbani kwangu hapa Bariadi, na mashahidi ni wamama tisa.

Niliuliza humu: kwaya ya Mwamapalala imekubali kurekodi kwangu, ndiyo ya kwanza, sasa kile kiboksi cha kuunganisha maiki na laptop ninunue cha USB au FireWire? Wataalamu mkajaa. "USB ni ya watoto." "FireWire haicheleweshi sauti." Hakuna aliyeuliza laptop yangu ina matundu gani.

Nikapata jamaa wa Lamadi anauza cha FireWire, used. Nikakikagua kama fahali mnadani Mwandoya. Nikazungusha kila kinobu, nikakipima mkononi, nikakinusa. Alitaka laki tatu na nusu. Nikajifanya naondoka, akashuka hadi hiyo laki mbili na thelathini. Nikadai na nyongeza, akanipa waya: upande mmoja FireWire, upande mwingine USB.

Nilirudi nacheka mwenyewe. Nikajua nimemliza mtu.

Nyumbani waya ukaingia kote kote. Taa za kiboksi zikawaka.

Jumamosi iliyopita kwaya ikaja, nauli yao wenyewe. Kiongozi wao, Mayu Kabula, akasimama mlangoni, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka bhabha. Studio iko wapi?"

"Ndiyo hii, mayu."

"Mh. Nilidhani unapolala."

(Ni ninapolala. Magodoro nimeyaegemeza ukutani kuzuia mwangwi.)

Wakaimba nyimbo nne. Mawimbi ya sauti yanapanda na kushuka kwenye laptop, nami natikisa kichwa kama prodyuza.

Nikaplay.

Feni ya laptop. Jogoo wa jirani. Na kwa mbali, watu wanaimba ndani ya pipa.

Nikachomoa maiki. Nikakohoa. Mawimbi yakaruka!

Wakuu, laptop ilikuwa inasikiliza kwa kamaiki kake yenyewe. Kiboksi haikijui kabisa. Ule waya unaingia pande zote lakini ni pambo tu. FireWire na USB haziongei lugha moja.

Mayu Kabula akasema, "Simu ya mjukuu wangu ingetosha, na asingetutoa Mwamapalala." Wenzake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akamalizia: "Tunarudi Jumamosi ijayo. Ukishindwa, kuna kijana anarekodi Nyalikungu."

Nikampigia muuzaji.

"Kaka, nilisema ni cha kompyuta. Sikusema kompyuta yako."

Nilichojifunza: geuza laptop uangalie matundu kwanza, ndipo ubishane bei. Kwa maiki mbili, USB ingenitosha na chenji ingebaki.

Sasa nishaurini. Nitafute laptop ya zamani yenye tundu la FireWire, au niuze hiki kiboksi ninunue cha USB? Hawa wamama wakienda Nyalikungu, Mwamapalala nzima itawafuata.

Maoni yote nasoma, hata matusi, ila tusi liwe na bei na jina la mtaa duka lilipo.