Lori Limenifikisha kwa Mama Mkwe

Leo nimeingia kwa mama mkwe na lori. Si mlangoni. Migombani.

Msicheke kwanza.

Mnalijua lori langu, lile kuukuu lililoachwa na jeshi baada ya vita. Usukani ulikuwa unacheza, unauzungusha robo nzima ndipo magurudumu yaitike.

Jana nililitengeneza mwenyewe. Mke wangu alikaa kitini akautikisa usukani, mimi nikalala chini ya lori nikitazama ni kipi kinachochelewa. Kumbe nati zinazoshika boksi ya usukani kwenye chesisi zimelegea! Nikazikaza zote. Kazi safi, nasema bila haya.

Sasa leo asubuhi napandisha kutoka Lembeni kwenda Ngujini na mabati ya kanisa. Nafika kona ya kwa wakwe, mikono ikazungusha ile robo yake ya siku zote.

Lori likaitika papo hapo.

Mgomba wa kwanza chini. Wa pili chini. Na mama mkwe huyo anakuja, jembe mkononi.

Nikashuka, macho chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lori limeharibika?"

"Hapana, mama. Limepona."

Tangu Krismasi nilikuwa napita hapo napiga honi tu na kwenda zangu. Madereva wenzangu, ninyi mngejitetea vipi?

Akaitazama migomba, akanitazama mimi.

"Basi liache hivyohivyo," akasema. "Lilipokuwa bovu lilikuwa linakupitisha."