Hodi ya Kulwa

Hamisi aliponiomba niigize hodi ya pacha wangu, nilipaswa kukataa. Umri wa kujua nilikuwa nao. Lakini nilicheka, nikasafisha koo, nikaisogelea maikrofoni.

Enzi zetu pale mtaani Isevya, sauti tulizitengeneza kwa mikono na midomo. Kulwa na mimi Doto tulishindana kutwa nzima. Treni ya Kigoma tuliifanya kwa kusugua bati kwa gunzi la mahindi, na filimbi yake kwa kupuliza viganja. Mvua ilikuwa karanga zikizungushwa kwenye ungo, mpaka mama aje kutunyang'anya karanga zake. Wajukuu wetu leo wakitaka sauti ya jogoo wanaitafuta kwenye simu, na jogoo mwenyewe amesimama dirishani anawashangaa.

Mama alituruhusu kuigiza kila kitu isipokuwa sisi wenyewe. Sauti zetu zilifanana mno, naye akiwa jikoni alitutofautisha kwa hodi tu. Kulwa alibisha mara mbili, na katikati akakohoa kidogo. "Msiitikiane," mama alituonya. "Nikimwita Kulwa, aje Kulwa."

Kulwa alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi migodini. Hakurudi, na hakuna aliyetuletea habari zake, za uzima wala za kifo. Mama alizeeka akimsubiri. Nami nilizeeka naye katika nyumba ileile, tukinywa uji pamoja kila asubuhi.

Hamisi, rafiki yetu wa tangu utotoni, ni fundi redio mstaafu wa mtaa wa Kanyenye. Mwaka juzi alianza kujiburudisha kwa kuunda kibao cha umeme chenye vitufe vinane. Ukibonyeza kitufe, kinatoa sauti uliyoirekodi. Tulikaa uani kwangu wiki nzima kama watoto, na bati letu na ungo wetu. Sauti saba zilipokamilika, kikabaki kitufe kimoja.

"Weka ya Kulwa," alisema.

"Mama yumo ndani, bwana."

"Mama asikie nini? Leo shikamoo yangu ameiitikia nilipoirudia mara ya tatu."

Ilikuwa kweli. Nikairekodi polepole, mdomo karibu na maikrofoni. Ningeweza kuishia hapo. Lakini aliyeongeza sauti ya spika si Hamisi, ni mimi, na aliyebonyeza kitufe ni mimi pia. Nilitaka kujua kama nimeipatia.

"Hodi." Kikohozi. "Hodi."

Nimeketi kwenye kigoda, midomo nimeifumba, na pacha wangu anabisha. Kidole kilibaki juu ya kitufe, hakisogei. Kabla sijasema neno, mlango wa nyumba ulifunguka, mama akatoka bila fimbo. Huyu ni mama niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka chooni.

"Karibu, baba. Karibu, Kulwa," alisema, macho kwenye mlango wa ua. "Mbona umesimama huko nje?"

Hamisi aliinamisha kichwa. Nikamwambia mama kwamba ni mimi, ni mashine, tulikuwa tunacheza tu. Akaugeuza uso kutoka mlango wa ua, akanitazama.

"Doto," aliuliza, "umemwitikia mwenzako?"

Nilizima kibao, nikamshika mkono kumrudisha ndani.

Wiki ileile aliomba apelekwe kijijini Ntalikwa kwa dada yetu. Alisema nyumbani kwangu hatajua tena ni nani anayebisha. Nilikwenda kila Jumapili, na kila nilipopiga hodi hakuitika mpaka dada atoke kwanza, anione kwa macho, arudi kumwambia. Zamani sauti ikifika mlangoni, mwenyewe alikuwa nyuma yake. Siku hizi inafika peke yake, na tunaowalaumu vijana kwa hilo tumo miongoni mwa walioifundisha.

Mama alifariki hukohuko Ntalikwa. Kwa kutomkatalia Hamisi nilipoteza mwaka wa mwisho wa kuishi na mama yangu, na alifariki akiwa haiamini sauti yangu.