Gauni la Mwanamisi

Kafuri haiulizwi sana madukani siku hizi, lakini pale kwetu Magomeni, Magomeni ya Bagamoyo si ile ya Dar, bado wanayo, ndani ya chupa, karibu na ubani na pamba. Juzi jirani yetu alifiwa, nikatumwa kuinunua. Muuzaji alipofungua kifuniko ikabidi nishike meza.

"Vipi, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia kizunguzungu tu, jua kali. Nilisema uongo. Ndugu zangu, wengi wenu mnaijua harufu ya kafuri kwa sababu mmeosha maiti wenu. Mimi niliijua kabla sijaona maiti hata mmoja. Niliivaa mwilini siku nzima, nina miaka tisa, Mombasa, ndani ya gauni la watu.

Sikusoma sana, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Lakini majina nitayataja. Kuna wanaosema marehemu hasemwi vibaya. Basi wangefanya mema.

Baba yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Mama akaolewa Msata, na mimi nikachukuliwa na dada yake baba, shangazi Tatu, ati mtoto ni wa kuumeni. Shangazi alikuwa fundi wa kushona kwa mkono, mdomo wake mwepesi kuliko sindano yake. Kila mwaka alikuwa na wageni kutoka Mombasa, Bwana Athumani na mkewe Bi Rukia. Sijui walijuana wapi. Najua tu kwamba wakija, nyumba ilinukia vitu vizuri, na shangazi alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na kweli tulipona, maana tulikula nyama.

Mwaka ule walikuja kabla ya wakati wao. Bi Rukia alikuwa amekonda, macho yamerudi ndani. Aliketi mkekani akanitazama nikichambua mchele, akanitazama mpaka nikadhani nina kitu usoni. Halafu akaniambia, "Simama, mama." Nikasimama. "Geuka." Nikageuka. Akaanza kulia kimya kimya, na mumewe akatoka nje. Shangazi hakumuuliza analia nini. Hilo nililiona hata kwa akili yangu ya kitoto: shangazi Tatu, aliyekuwa akiuliza hata paka wa jirani anakwenda wapi, siku hiyo hakuuliza.

Kesho yake wakashusha cherehani, ya miguu, mpya, ina maua ya dhahabu ubavuni. Zawadi ya shangazi. Na mimi zawadi yangu ikatajwa: tunakwenda Mombasa, mimi na shangazi, kutembezwa mji. Niliruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nilimtangazia kila mtoto wa chuoni kwetu, chuo cha Kurani, hata mwalimu akanichapa kwa majivuno.

Njia ya karibu ilikuwa kukata Msata tukangoje basi la kaskazini pale njia panda. Ilikuwa barabara ya vumbi na mashimo, lakini ndiyo ya karibu. Wao wakanizungusha mpaka Dar, tukapanda basi huko, likapita Chalinze, na tulipokaribia Msata shangazi akanifunika kanga kichwani. "Lala, utatapika." Sikuwa na kichefuchefu. Chini ya ile kanga niliwasikia kina mama wakikimbilia madirisha, "Machungwa! Machungwa matamu haya!" Mama yangu alikuwa akiuza machungwa pale pale. Labda sauti mojawapo ilikuwa yake. Labda alisimama chini ya dirisha langu.

Likoni tulipanda pantoni, nikaona ni nyumba inayotembea juu ya maji na watu wake hawashangai. Tulipokanyaga ng'ambo Bi Rukia akanishika mkono, akasema, "Haya, tumefika nyumbani, Mwanamisi."

"Mimi Pili," nikamwambia.

Shangazi akanifinya. "Kesho tu, mwanangu. Wewe itika. Ni mchezo."

Asubuhi Bi Rukia aliniogesha mwenyewe, mtoto wa miaka tisa naogeshwa kama kitoto kichanga. Akanipaka mafuta ya nazi, akanichana njia nne kichwani, na kila akimaliza njia moja alirudi nyuma kutazama, kama mtu anayefuatisha kitu anachokijua. Akafungua sanduku. Harufu ikapanda, baridi, kali, inaingia puani mpaka nyuma ya macho. Gauni la kijani, kola nyeupe. Likanikaa sawasawa. Mlangoni palikuwa na kandambili ndogo zinangoja. Nilipozivaa, vidole vyangu vikaingia kwenye vishimo. Mtu mwingine alikuwa amekwisha kuvichimba vile vishimo kwa vidole vyake, na vyangu vikatulia humo kimoja kimoja.

Tukatoka kutembea, sisi wanne. Mji mzuri, sikatai. Vichochoro vyembamba, milango mikubwa, harufu ya iliki na samaki wa kukaanga. Lakini mji ule ulikuwa unanyamaza. Tulipotokea kona, kina mama waliokuwa wakipiga soga barazani walikatiza maneno. Mmoja akajitemea mate kifuani. Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake, chaka, chaka, chaka, alipotuona mkono ukasimama, na haukuanza tena mpaka tulipopita. Mvulana mmoja aliyekalia kizingiti akapaza sauti, "Mama Mwanamisi! Huyo mmemfukua?" Nikasikia kofi, nikasikia analia. Bi Rukia hakugeuka. Alikuwa anatabasamu, ananionyesha hiki na kile, "Unakumbuka hapa, mwanangu? Hapa ndipo ulipoanguka."

Nilikumbuka nini mimi?

Akaninunulia barafu ya ukwaju. Sikuwahi kula kitu cha baridi vile, nikadhani meno yanang'oka, nikaitema mkononi. Shangazi akacheka sana. Bi Rukia hakucheka. "Mwanamisi hupenda ya ukwaju," akasema, akaurudisha mkono wangu mdomoni kwa upole. Nikaila yote.

Halafu tukaingia kwa mpiga picha, mzee wa Kihindi mwenye miwani mizito. Akanikalisha kwenye kiti kando ya chombo cha maua ya karatasi, akainama kwenye kamera yake, akainuka, akanitazama kwa macho yake mwenyewe.

"Bi Rukia," akasema, "huyu ni yeye ama si yeye?"

"Piga picha, mzee," Athumani akamwambia.

Nilifuata macho ya yule mzee ukutani. Katikati ya picha za maharusi palikuwa na picha ya mtoto wa kike. Kiti kile kile, maua yale yale. Gauni la kola nyeupe. Njia nne kichwani. Hakufanana nami usoni, msije mkadhani nasimulia hadithi ya mapacha. Alikuwa mtoto mwingine kabisa. Ila nguo yake nilikuwa nimeivaa mimi, na harufu ile ikanipanda upya, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kuuliza yeye mwenyewe yuko wapi. Mwanga ukalipuka. Nilipofumbua macho shangazi Tatu hakuwepo.

"Shangazi yangu yuko wapi?"

"Kapita sokoni kutazama kanga," Athumani akasema. "Atatukuta nyumbani."

Nyumbani hakuwepo. Kikapu chake kilichokuwa kando ya kitanda hakikuwepo pia. Mtoto ni mjinga lakini kikapu anakielewa. Hakuna mtu anayekwenda kutazama kanga na mswaki wake.

Sikulia. Nilikauka. Bi Rukia akanitengeneza kola, akaniambia tunapanda juu kumsalimia nyanya, maana Mombasa bibi wanamwita nyanya. "Ni mgonjwa, na haoni. Ukimfurahisha leo, utakaa hapa kwa raha siku zote. Akikuuliza ulikuwa wapi, sema Vanga, kwa wajomba. Usiseme lingine."

Siku zote. Nililisikia neno hilo vizuri sana.

Chumba kilikuwa na giza la mchana, madirisha yamefungwa. Bibi alikuwa kitandani, mdogo, kama nguo iliyokunjwa. "Mwanamisi kaja, mama," Athumani akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayejua atapigwa.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Ndoo hapa karibu." Ndoo kwao ni njoo, nikasogea.

Akanishika uso, akanishika masikio, akateremka mpaka viganjani. Vidole vyake vilikuwa vikavu, vinasoma. "Umekonda," akasema. "Vanga hawakukupa kula?" Nikatikisa kichwa, nikasahau kuwa haoni. Akaomba nimsomee Alhamdu. Hiyo niliijua, chuoni kwetu tuliipigia makelele kila alasiri, nikaisoma yote kwa mahadhi ya mwalimu wangu. Nilipomaliza akasema, "Rukia, niletee maji. Athumani, mfuate, asiteleze ngazini."

Walipotoka akanivuta.

"Alhamdu nilimsomesha Mwanamisi mimi, kwa kinywa changu," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo yako si yangu. Wewe ni mwana wa nani?"

Niliambiwa nisiseme lingine. Nikasema, "Mimi Pili. Wa Bagamoyo. Mama yangu anauza machungwa Msata."

"Aliyekuleta?"

"Shangazi. Kaondoka."

"Wataka kwenu?"

"Ndiyo, nyanya."

Nikaona koo lake likipanda na kushuka mara mbili, kama anameza kitu kikubwa. Ngazi zikalia, wakaingia na maji. Hakuyapokea. Hakuniachia mkono pia.

"Athumani," akasema, "mjukuu wangu amefariki lini?"

Glasi ilianguka. Bi Rukia akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia tena, haikuwa kilio, ilikuwa kama mlango wa chuma unaofunguliwa kwa nguvu baada ya miaka. Kina mama wa ghorofa ya chini wakapanda mbio, wakamkuta kajitupa sakafuni. Athumani alipiga magoti. "Mwezi wa Mfungo nne, mama. Homa ya siku tatu. Tuliogopa kukwambia, hali yako ilikuwa mbaya."

"Na huyu?"

Athumani akaanza kuokota vipande vya glasi.

"Mwana wa watu arudi kwao kesho alfajiri. Umpeleke kwa mama yake, mkononi, si kwa aliyewapa. Usipompeleka, radhi yangu huna, si leo si siku ya kufa kwangu."

Kwetu pwani hakuna anayekohoa mbele ya neno hilo. Athumani mwenyewe alinishusha Msata kesho yake, na lile gauni, maana hakuna aliyekumbuka kunivua. Mama aliacha machungwa yakabingirika barabarani. Athumani alisema mtoto ametembea na wenyeji wake salama, akarudi kwenye basi lake. Sikurudi Magomeni mpaka shangazi alipokufa. Sikurudi shuleni pia, nikabaki kukimbilia madirisha ya mabasi. Shangazi Tatu alipoulizwa alijibu, "Nilimtafutia maisha." Alishonea watu kwa ile cherehani mpaka ikachakaa. Tatu binti Mwinshehe ndiye aliyenitoa. Athumani ndiye aliyenichukua akijua nina mama. Sijawasamehe, na msiniambie nisamehe.

Ila kuna jambo moja nililolielewa nikiwa mtu mzima, nilipomzika binti yangu wa kwanza. Siku za mwanzo nilikuwa nikimpakulia chakula. Nilijua yuko wapi, nilimwona akishushwa. Lakini maadamu hakuna aliyenitamkia usoni, alikuwa bado yuko mahali fulani, kachelewa tu. Ndipo nilipomkumbuka yule bibi. Mjukuu gani wa pwani anasafiri kwenda Vanga bila kupanda juu kumuaga nyanya yake? Alikuwa anajua. Alijua tangu Mfungo nne, alisikia hatua zimepungua ngazini, alisikia kina mama wa chini wakinong'ona. Hakuuliza, kwa sababu asipouliza, Mwanamisi yuko Vanga, anakula muhogo kwa wajomba zake, atarudi.

Kulikuwa na njia moja tu ya kunirudisha mimi kwa mama yangu, nayo ilikuwa kuuliza. Nilimwona akilimeza lile swali mara mbili. Mara ya tatu akalitoa, kwa ajili ya mtoto asiyemjua, mkono wake umeshika wangu.