Vishimo vya Angani na Macho ya Baba

Watu wa Mikindani wakiniuliza kazi yangu, huwaambia natafuta vishimo. Wakicheka nawaacha wacheke, lakini ni kweli. Vyombo vinavyozunguka huko juu angani hupigwa na chembe ndogo kuliko mchanga, zinazokwenda kasi ya ajabu, na bamba la chombo likirudishwa duniani huwa limejaa alama. Mimi niliyesomea mambo hayo naletewa picha za bamba, nazikuza kwenye kompyuta, naweka duara penye kila kishimo. Halafu naamua: hiki kimepigwa na vumbi la angani, hiki na kibanzi cha rangi kilichobanduka kwenye roketi, na hiki wala si kishimo, ni mkwaruzo wa mtu aliyelibeba bamba ovyo.

Kazi hii yataka watu wawili, kwa sababu jicho likichoka huona visivyokuwapo. Mwenzangu yuko nchi nyingine na majibu yake hukawia. Basi nikamkalisha baba kando yangu. Baba alistaafu bandarini, alikokuwa akikagua makontena yaliyobonyea, na tangu mama atutoke alikuwa akishinda barazani hana la kufanya. Nikasema, huyu ndiye.

Alifurahi, jamani! Asubuhi nikishamwamkia, naye akaniitikia "Marahaba, mama," kama anavyoniita mimi binti yake tangu utotoni, nampa chai na mahamri, anakuja na kiti chake. Mimi nasogeza picha polepole. Baba ananyamaza, ananyamaza, kisha, "Hapo!" Na kweli, hapo pana kishimo. Nikamsifu kwa majirani mpaka wakanichoka.

Siku moja, picha nimeshaijaza maduara na sijaihifadhi, nikanyoosha mguu na waya ukachomoka. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa, inaishi kwa waya. Skrini ikazima, ikawa nyeusi tii. Pumzi ikanikatika.

"Hapo!" akasema baba. "Kikubwa hicho, mama."

Nikamgeukia. Alikuwa akiitazama ile skrini nyeusi na anatabasamu.

"Baba, unaona nini?"

Akaendelea kutabasamu. Na mimi hasira zangu ziko karibu, mtaani wote wanajua.

"Baba! Si nakuuliza?"

"Ukungu," akasema. "Mwanangu, siku nyingi sasa sioni ila ukungu. Wewe ukikiona kishimo huzuia pumzi. Mimi husikia."

Nikafoka, Mungu anisamehe. Kwa nini hakusema? Huo si mtoto wa jicho tu? Siku hizi si unatolewa, watu wakaenda asubuhi wakarudi jioni? Aliyemwambia afiche ni nani? Aliniacha nimalize, ndivyo alivyo siku zote, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kisu kwenye jicho nakiogopa. Halafu nikikwambia sioni, utaniita nije kukaa hapa nifanye nini?"

Hasira zote zikaniishia. Nililia palepale mbele yake, mtu mzima mimi, na yeye akawa anapapasa mezani kuutafuta mkono wangu.

"Ukae," nikamwambia. "Nakuita ukae tu, baba. Vishimo nitavitafuta mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Basi nipeleke upesi," akasema, "kabla sijabadilisha nia."

Nikampeleka hospitali. Njia nzima alikuwa akiuliza kama kisu chenyewe ni kikubwa, na mimi namjibu kwamba ni kama panga la kukatia nazi, mpaka akacheka. Lakini alipoingizwa ndani nilikaa kwenye benchi nikiukazia macho mlango. Baba ndiye niliyebakiwa naye.

Kesho yake tukarudi kufunguliwa bandeji. Muuguzi akaibandua taratibu. Baba akapepesa macho, akatazama dari, akatazama ukuta na kalenda yake, kisha akanitazama mimi. Akanitazama sana. Mkono wake ukapanda mpaka kwenye nywele zangu za mbele, ukatulia.

"Mama," akaniuliza, "umeota mvi lini?"