Wimbo wa Mama Kwenye Harusi ya Baba

Santuri ya mkahawa wa jirani yetu, pale Ngamiani, ilikuwa ikikwaruza kwanza, krr, krr, halafu gitaa likadakia na mtaa mzima ukachangamka. Ulikuwa wimbo wa mapenzi, mwepesi, wa kutikisa mabega: mwanamume anamwita mpenziwe aje upesi, nyumba imefagiwa, kitanda kimetandikwa, hakikosekani kitu ila yeye. Basi, hayo tu. Hapana fumbo wala kijembe, na kwetu watu wa Tanga, tuliozoea kutafuta mwiba ndani ya kila ubeti, hilo lilikuwa jambo geni. Mama aliukunia nazi. Mbuzi ilikwenda na mdundo, na nazi ikiisha kabla ya wimbo, yeye aliendelea kukuna kifuu kitupu huku akicheka peke yake.

Katikati ya miaka ya hamsini, nami sijafika hata miaka minane, baba alimpa mama talaka. La kuvunda halina ubani. Mama akarudi kwao Kigombe, mimi nikaachwa kwa baba, kwani wakubwa walisema mtoto ni wa kuumeni. Mimi nani aniulize! Dada yake baba, shangazi Mwanakombo, akawa ndiye mlezi wangu. Alinilisha, alinisuka, alinifundisha kutawadha, lakini mazungumzo hakuwa nayo. Nilichobakiwa nacho ni Ijumaa. Mama alikuja na basi, akakaa nami barazani mpaka alasiri, harufu ya mwili wake ikaniingia puani, kisha akaondoka. Siku nyingine zote nilikuwa mpweke, na neno hilo silitafutii pambo. Wimbo ukilia mkahawani nilikimbilia mlangoni kutazama njia, kwa sababu kwa akili yangu ya kitoto, ile sauti iliyosema njoo ilikuwa inamwita mama.

Baba akaoa tena. Siku ya harusi ua ulijaa wanawake, udi unafuka, viatu vimerundikana mlangoni, na taarabu ikapigwa. Katikati ya shughuli mwimbaji akauchukua wimbo ule wa santuri, wanawake wakapiga vigelegele. Sasa, kwetu mkono mtupu haulambwi, na mwimbaji akikukuna hutunzwa pesa au kanga. Lakini ukiinuka kumtunza, maneno yake yamekuwa yako, na kila jicho hugeuka kumtafuta unayemlenga. Hayo mimi sikuyajua. Nilijua tu kwamba watu wanaoupenda wimbo huinuka, na wimbo huu ulikuwa wa mama. Nikakimbilia ndani, nikaitoa kanga yake aliyoisahau, ambayo nilikuwa nikiilalia, nikapenya katikati ya wachezaji na kumtupia mwimbaji begani.

Macho yote yakanigeukia. Kanga ile kila mtu aliijua. "Lo! Katumwa na mamake!" akasema mmoja, na mwingine akadakia, "Anamwita mumewe arudi, tena mbele ya bibi harusi!" Shangazi alinishika sikio akataka kuling'oa. Bibi harusi mwenyewe, Bi Zuhura, ndiye aliyesema, "Mwacheni mtoto," akaikunja kanga na kunirudishia. Mwanamke mwema yule, Mungu amrehemu. Lakini maneno yalikwisha ruka ukuta.

Ijumaa iliyofuata mama alikuja, na hakukaa barazani. Alisimama nje, buibui limemfunika mpaka machoni.

"Nani aliyekutuma, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Ni wimbo wako."

"Najua," akasema. "Lakini nani atasadiki? Kigombe nzima inasema namlilia mume wa mtu."

Akanibusu kipajini, akaenda zake. Hakuja tena nyumbani kwetu. Aliolewa Pemba, na nilipomwona tena nilikuwa mke wa mtu, tukasalimiana kwa adabu kama wageni waliokutana safarini. Watu husema ningemwomba mama radhi. Niombe radhi ya nini? Mtoto alimpenda mamake hadharani, na wakubwa wakaona fitina. Mpaka leo nina hasira nao.

Wimbo wenyewe, ajabu, haujazeeka. Nyimbo za mafumbo za siku zile zimekufa pamoja na waliopigwa vijembe, maana ugomvi ukisahauliwa fumbo hubaki ganda. Huu haukumlenga mtu wa kukumbukwa. Unasema njoo tu, na kila kizazi kina mtu wa kumwita. Wajukuu zangu wanao ndani ya simu, wanauongezea ngoma zao, na katika kila harusi ya mtaa wa Chumbageni hadi leo ukipigwa, wazee kwa vijana wanainuka. "Bibi, njoo ucheze!" wananiambia. Nawaambia miguu inauma. Si miguu. Mama tulimzika Pemba zamani, kaburi lake nimelifagia kwa mkono wangu, na bado mdundo ule ukianza siwezi kuacha kutazama mlangoni.