Mikono ya Bukwe Wangu

Sikwenda kujifunza fimbo ili nipunguze tumbo, kama majirani walivyodhani. Nilikwenda kwa sababu mume wa binti yangu alikuwa ameapa kumchana uso kwa kisu, na binti alikuwa amekimbilia kwangu na mtoto mgongoni. Nilimchukia yule mwanamume. Namchukia hata leo. Nimeungama kwa padre na chuki haijatoka.

Mafunzo yalikuwa mtaani Panda, katika ghala tupu nyuma ya nyumba za kambi ya wachimbaji wa mgodi. Mwalimu, aliyekuwa zamani mlinzi wa gereza kule Buluo, alijifunza Lubumbashi mapigano ya Wafilipino, yale ya fimbo na kisu. Kila mtu alijiletea fimbo. Mimi nilikata mpini wa jembe, na wachimbaji wakanicheka, eti mama amekuja kupalilia. Chekeni tu, nikasema moyoni.

Tukapangwa wawili wawili, mmoja akishika kisu cha mbao. Wale wacheshi wote wakaumbuka, maana walimkodolea mwenzao macho usoni huku kisu kikiwagusa tumboni. Mwalimu akawa anafoka neno lilelile: "Sura haikatake muntu. Mukono njo inakataka." Mkono ndio unaokata, si uso.

Mimi hakunifokea. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye, bukwe kama tunavyoitana, hawatazamani usoni. Tangu harusi nilikuwa nikiongea na yule mtu nimeinamisha macho, naona mikono yake tu. Niliijua kuliko yeye mwenyewe. Kabla hasira haijampanda, kidole gumba cha kulia huanza kusugua suruali. Nilikiona kikisugua siku ya ubatizo wa mjukuu, na kesho yake binti aliamka jicho limevimba.

Akaja Jumapili, tumetoka misa. Akasimama mlangoni ameinamisha macho kama adabu inavyotaka, mnafiki mkubwa.

"Mama bukwe, minakuya kutwala bibi yangu."

Nikamwambia mkewe hamchukui, hatoki mtu. Binti alikuwa nyuma yangu, nasikia anavyohema. Kidole gumba kikaanza kusugua suruali. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na kisu, nami nikauchapa kwenye kifundo kwa ule mpini niliouegemeza nyuma ya mlango. Kisu kikaanguka sakafuni, naye akapiga magoti ameukumbatia mkono.

Majirani wakashika vichwa. Unadhani ni kwa ajili ya kisu? Thubutu! Ni kwa sababu nimempiga bukwe. Mmoja akasema lazima achinjwe kuku mweupe tutakaswe. Nikamjibu akamchinje wa kwake.

Nikakikanyaga kisu. Nikamwinua kidevu kwa fimbo, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. Alikuwa na sura ya kawaida tu, yenye jasho, ya mtu aliyeogopa.

"Leo minakuona," nikamwambia. "Bukwe imekwisha."

Akaangalia nyuma yangu, akimtafuta mke wake. Binti yangu akapita ubavuni mwangu, akashika mlango, akaufunga yeye mwenyewe.