Mume Niliyemwanika Bariadi

Naomba mnisikilize mpaka nimalize ndipo mcheke, ingawa najua hamtaweza, maana hata mimi nikikumbuka siku ile natafuta pa kuficha uso na mbavu zinaniuma kwa wakati mmoja. Wapo watu wazima kule Bariadi ambao mpaka leo tukikutana sokoni wananisalimia vizuri, wananiuliza habari za kazi, halafu kwa upole kabisa wanaongeza, "Na shemeji, hajambo?" Nami najibu hajambo. Nimezoea.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sijaolewa, na kusema kweli sikuwa nalia kwa sababu hiyo. Nilizaliwa Nassa, huko pembeni ya ziwa, lakini nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miaka mingi nikiwa karani kwenye shirika la umma, na Dar, ndugu zangu, ni mji uliotengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na mtu. Unapanga chumba chako Magomeni, unakula chapati na maharage kwa mama wa pale kona, unarudi na ufunguo wako, hakuna anayeuliza unalala na nani wala kwa nini unalala peke yako. Mimi nikaona huu ndio uhuru wenyewe. (Niliwahi kuugua malaria mle chumbani, nikalala siku nzima na ya pili bila kutoka, na mtu pekee aliyegonga mlango alikuwa anamtafuta fundi redio. Nikamwelekeza, akaenda zake.)

Sasa yakaja mageuzi, mashirika yakaanza kupunguza watu, na mimi nikawa katika waliopunguzwa. Nikaenda kwanza Mwanza kwa dada yangu. Mwanza nako si kubaya kwa mtu wa aina yangu, wanakuuliza shemeji yuko wapi, lakini hawasubiri jibu, kila mmoja ana jambo lake analiwahi. Ndipo nikasikia kampuni za watu binafsi zimeruhusiwa kununua pamba na huko Bariadi wanatafuta makarani wa kukaa kwenye mzani. Nikapanda treni mpaka Malampaka, nikalala gesti moja karibu na stesheni, na ile gesti nayo niliipenda, kwa sababu pale hakuna mke wala mume wala mjane, wote ni abiria tu. Asubuhi nikadandia lori la pamba kwenda Bariadi.

Bariadi ya wakati ule, kabla haijawa makao makuu ya mkoa wowote, ilikuwa na kitu kimoja ambacho sikukizoea. Wakikuuliza swali, wanavuta kigoda wanakaa kusubiri jibu.

Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya Mama Limi, mama mtu mzima, mnene kiasi, msemaji wa taratibu. Alikuwa na vyumba vinne vinavyotazama ua mmoja, na kile cha kona, chenye dirisha la wavu na sakafu ya saruji, kilikuwa wazi. Nilikitamani kile chumba kuliko nilivyowahi kumtamani mwanaume yeyote. Mlangoni kwa Mama Limi palikuwa na mabuti ya mpira, ya kiume, makubwa, yana tope lililogandia, na mimi nikasema moyoni, aa, hii ni nyumba yenye baba, hapa hawatampangisha mwanamke wa peke yake. Nilishanyimwa vyumba viwili asubuhi hiyohiyo kwa kosa hilo.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, yaani habari za mchana, mama.

Akaitikia, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Mumeo yuko wapi?"

Ningesema sina. Neno moja dogo hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, mzigo uko kichwani, chumba nakiona pale, mdomo ukanitangulia: "Yupo, mayu. Dereva wa malori ya pamba. Huyo ni mtu wa safari, huja usiku huondoka alfajiri."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa chumba.

Basi. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, shida ni kwamba ulihitaji kulishwa kila wiki. Mpangaji mwenzangu, Mama Kwangu, mwanamke mmoja mwenye macho yasiyopumzika, akaanza kusema mbona shemeji haachi hata soksi. Nikafikiri sana, na katika kufikiri kwangu huko (nilijiona mjanja mno) nikaenda mnadani kwenye malundo ya mitumba nikanunua shati la kiume na suruali, nikafua, nikaanika katikati ya ua. Mama Kwangu akapita, akalitazama lile shati, akasema, "Kumbe shemeji kalala hapa jana." Nikaguna tu, kama mke aliyechoka.

Ilikuwa tamu, nisiwafiche. Nilitembea kwa mabega mapana wiki nzima. Wiki iliyofuata nikaona mwanaume gani huyo ana nguo moja, nikarudi mnadani nikaongeza. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo, maana mimi sijawahi kuishi na mwanaume, vipimo vyao sivijui, na pale kwenye lundo nilikuwa naona haya kuinua suruali ya kiume hadharani niipime kwa macho, kwa hiyo nilikuwa nachomoa upesiupesi, nalipa, natumbukiza kikapuni, naondoka. Nikifika nyumbani nafua tu. Kwangu nguo ya kiume ilikuwa nguo ya kiume.

"Shemeji kanenepa," Mama Kwangu akasema siku moja.

"Vyakula vya njiani," nikajibu.

Wiki nyingine akasema, "Mbona kakonda ghafla?"

"Barabara mbovu, dada. Zinamchosha."

Yeye anaitikia, mimi najipongeza. Kumbe ua mzima walikuwa wanahesabu.

Ikafika zamu ya ua wetu kupokea sala za jumuiya. Jumamosi mchana, benchi zimepangwa, mikeka imetandikwa, na mwenyekiti wetu, Mzee Luhende, mkulima wa pamba, mwembamba, mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, ndiye anayeongoza rozari. Mtu mwenye akili angeondoa zile nguo kwenye kamba. Mimi nikaona, hapana, leo jumuiya yote ipo, leo ndiyo siku ya kumaliza maneno, nikaanika zote. Zote kabisa, mashati na suruali, kamba ikalegea.

Tukaanza. Tuko fumbo la tatu, mvua ikashuka ghafla, ile mvua ya kwanza ya msimu yenye matone mazito, na watu wa Bariadi (ndipo nilipowaelewa, lakini nimechelewa) hawakukimbilia barazani kwanza. Walikimbilia nguo zangu. Wanaume kwa wanawake, rozari ziko shingoni, wanachomoa vibanio, wananiokolea mume wangu asilowe.

Tukajazana barazani, kila mtu na kipande mkononi. Macho yakaanza kuhama kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Mzee Luhende alikuwa ameshika suruali mbili. Moja wangeingia yeye na katekista na bado ingedai mkanda. Nyingine ilikuwa ya kijana anayeanza kubalehe.

"Dada Rejina," akasema. "Hii ni ya nani?"

"Ya mume wangu, mzee."

"Na hii?"

Nikatazama mvua.

Mama Kwangu akainua shati lenye mikono ya kufika magotini. "Na huyu mrefu je?"

Mzee Luhende hakuwa anatania, na hilo ndilo lililonitisha. Alimgeukia mwenye nyumba. "Mama Limi, ua wako ni ua wa heshima. Tunasali hapa. Kama mpangaji wako anaingiza wanaume watatu, aseme wazi mbele ya jumuiya, au ahame leo."

Mama Limi akavuta kigoda, akakaa. Alinitazama mimi, akasubiri, kama kawaida yao ya kusubiri jibu.

Nilikiona chumba changu kinaondoka, kile chenye dirisha la wavu. Mbele yangu palikuwa na aibu mbili na nilitakiwa kuchagua moja, ama nikubali nina waume watatu, ama niseme ukweli niliokuja nao kutoka Magomeni.

"Sina hata mmoja," nikasema.

"Sasa hawa?"

"Nimewanunua mnadani, mzee."

Sitaki kuwasimulia kicheko kile. Kilianzia kwa watoto, kikapanda kwa akina mama, Mama Kwangu alikaa chini kabisa kwenye maji akishika tumbo, na nasikia kuna mtu alicheka mpaka akasahau fumbo tulilokuwa nalo. Mzee Luhende peke yake hakucheka. Alikunja zile suruali mbili vizuri, mshono kwa mshono, akaniwekea mikononi, akasema, "Basi tuendelee." Tukaendelea. Nilisali nikilia, wakadhani ni ibada.

Watu walipotawanyika mvua bado inanyesha, nikaingia chumbani nikaanza kufunga mizigo. Mama Limi akaingia bila hodi, akakaa kitandani.

"Unakwenda wapi?"

"Dar, mayu. Kule mtu wa peke yake haulizwi kitu."

"Na ukiugua huko, nani anajua?"

Nikakumbuka yule mtu wa fundi redio.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "mimi nilikuuliza mumeo yuko wapi ili nijue usiku ukizidiwa nimwite nani. Ungesema huna, ningejua wa kuitwa ni mimi. Sasa huyu wako wa kwenye kamba ningemwita kwa njia gani?"

Hapo ndipo nilipolia kilio chenyewe, si kile cha kwenye rozari. Akaniacha nikalia. Kisha akainuka akafungua mlango, akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa ua, pale mlangoni kwake.

"Yale mabuti unadhani ya nani?"

"Ya Baba Limi."

"Baba Limi alikwenda machimbo ya dhahabu Limi akiwa ananyonya. Limi sasa ana watoto." Akayatazama kidogo, nami kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka. "Tope nalipaka mwenyewe kila mvua ikinyesha. Lakini mimi, Rejina, nina jozi moja. Namba ileile, miaka yote. Ukitaka kudanganya watu, anika mwanaume mmoja."

Nikafungua mizigo. Jioni ile alichukua ile suruali kubwa, akaijaza pamba, akaifanya mto wa kukalia.

Sijaolewa mpaka leo na sijahama Bariadi. Nikiulizwa mume yuko wapi nasema sina, kisha namvutia kigoda aliyeuliza. Nguo ya kiume sijagusa tena, hata ya kufuta vumbi. Asubuhi nikichelewa kufungua dirisha kuna mtu atagonga, na wakati mwingine inanikera, nalala macho nimefumba namsikia anavyogonga, nasema kimoyomoyo niacheni, halafu nainuka kumfungulia.

Yale mabuti yalikaa pale mlangoni mpaka Mama Limi alipofariki. Wiki zile za mwisho alipokuwa hawezi kuinuka, mvua ilikuwa inanyesha, na tope nililipaka mimi.